Nyumba Isiyokuwemo Daftarini

Kipindupindu kilipotimiza mwezi wa tatu hapa Mabawa, nilishazoea harufu ya klorini. Kurukwa ndiko ambako sikukuzoea. Kila Jumamosi mjumbe wetu wa nyumba kumi alipita na wahudumu wa afya kugawa vidonge vya kutibu maji. Nilisikia hodi yao kwa jirani wa kushoto, nikafagia mlangoni haraka, kisha nikaisikia kwa jirani wa kulia.

Nilidhani wanatukwepa. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliopita, nami niliacha shule kidato cha pili nikawalea wadogo zangu wawili. Mtu akishahurumiwa, kisha huruma ikaisha, huona haya kuomba tena. Sikuuliza. Nilichemsha maji ya kunywa tu. Ya kuoshea vyombo niliyaacha hivyo hivyo, maana mkaa haukutosha.

Jumanne moja mdogo wangu wa mwisho, mwenye miaka tisa, alianza kuharisha. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yamezama, na ukimvuta ngozi ya tumbo hairudi. Dereva wa bajaji alitandika nailoni kwenye kiti kwanza ndipo akatupakia. Kwenye kambi ya wagonjwa walimpokea getini, mimi nikabaki nje ya uzio wa turubai.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mjumbe. Alikuwa akimenya mihogo yake ya biashara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

"Kwa nini nyumba yetu mnairuka?"

Kisu kikasimama. Aliingia ndani, akatoka na daftari la chama cha kuzikana. Ndilo alilolitumia kugawia vidonge, kwa kuwa lilikuwa na majina ya wenye nyumba wote. Jina la mama lilikuwa limepigwa mstari.

"Nililikata mwenyewe, siku ya arobaini," alisema. "Sikuandika jingine."

"Kwa nini?"

"Ningemwandika nani? Watoto watupu mle."

"Nani anapika mle?"

Alinitazama, kisha akanipa kalamu. "Haya, mpishi, jiandike. Na kesho twende wote. Ikiwa nimekuruka wewe uliye mbele ya macho yangu, nimewaruka wangapi?"

Tulizunguka siku mbili. Hatukuuliza mwenye nyumba ni nani. Tuliuliza humu mna majiko mangapi. Tulimpata Mpemba muuza mchele na mkewe, wapangaji wa chumba cha uani. Tulimpata bibi aliyetoka Tongoni kukaa na mwanawe, anayejipikia peke yake kwa sababu, alisema, "mkwe wangu hajui chumvi." Hakuna aliyekuwa daftarini. Mjumbe alikosea kutumia orodha ya kuzikia. Nami nilikosea: ningeuliza Jumamosi ya kwanza, mtoto asingelazwa.

Kila jioni nilisimama kwenye uzio mpaka muuguzi ainue mkono, ishara kwamba mtoto bado yu hai. Sikuwa na mtu wa kusimama naye. Majirani walinisalimu kwa mbali, wakaingia ndani.

Siku ya sita walimtoa. Nguo zake zilikuwa zimechomwa moto, kwa hiyo nilimfunga khanga yangu. Alitembea mbele yangu polepole, miguu kama vijiti. Tulipoingia mtaani kwetu, mlango mmoja ulifungwa, halafu wa pili.

"Dada, mbona hawatusalimii?"

"Wana kazi," nilimwambia. "Tembea tu, uji upo."