Kurasa Nyekundu za Syokau

Syokau Kitavi hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakuwahi kujifanya. Majirani zake wa mtaa wa Jamhuri wanalijua hilo. Kuna mama mmoja aliyemsengenya kanisani zamani, na mpaka leo akimwona Syokau huvuka barabara kumkwepa. Kwa hiyo Daktari Gerishon Mutie alipoamua kuiba kitabu, jamani, alichagua vibaya mtu wa kumwibia.

Kilikuwa kitabu cha rejea, kinene, kuhusu kemikali za maabara za shule: kila kemikali na sifa zake, inachemka katika joto gani, inazimuliwaje, inafanya kazi gani. Tena kwa Kiswahili. Syokau alifundisha kemia Nairobi mpaka akastaafu, na alichoka kuwaona wasaidizi wa maabara, ambao ndio hasa wanaoshika chupa, wakikodolea macho vitabu vizito vya Kiingereza kisha wakiishia kubahatisha. Akakaa mezani akaandika. Wenzake wakamwambia kemia haiandikiki kwa Kiswahili. Akawaambia waende wakanywe chai.

Alitaka maelezo yachapwe kwa wino mweusi, na maonyo yote kwa wino mwekundu, jicho lisiyapite. Mchapaji wake wa River Road, mzee Aliasgar, ana mashine ya rangi moja. Ukitaka rangi mbili, karatasi ileile inapita mashineni mara mbili. "Basi niletee mbalimbali, Mwalimu," Aliasgar alimwambia. "Nyeusi peke yake, nyekundu peke yake. Usinichanganyie." Syokau akaanza kumpelekea kurasa nyekundu. Zile nyeusi akampa Daktari Gerishon amwandikie dibaji, maana ndivyo tulivyo: kitabu cha taaluma kisichotanguliwa na mtu wa digrii ndefu, nani atakigusa?

Gerishon walifundisha naye shule moja kabla hajapanda vyeo. Alimwita dada. Aliupokea mswada kwa mikono miwili, akasema ni heshima kubwa. Kisha dibaji ikawa ya kesho na kesho kutwa. Akipigiwa simu, yuko mkutanoni. Akiandikiwa, kimya. Halafu siku moja Syokau akaingia duka la vitabu katikati ya mji na kukikuta kitabu chake kwenye rafu, na juu yake jina la Dkt. Gerishon Mutie. Akafungua ukurasa wa shukrani. Naye alikuwemo. Alishukuriwa "kwa kutaipu mswada".

Kutaipu! Huyu aliyehangaika wiki nzima kutafuta neno moja la Kiswahili ambalo msaidizi wa maabara wa Machakos na wa Busia wote watalielewa. Hakulia. Alikirudisha kitabu rafuni, akatoka, na tangu siku hiyo donge likamkaa kifuani. Wakili alimwambia anaweza kushinda, ila kesi za namna hiyo huzeeka mahakamani kuliko waliozifungua.

Baadaye alipokinunua na kukisoma kwa utulivu ndipo alipocheka. Hakikuwa na onyo hata moja. Mwizi alikuwa ameiba nusu ya kitabu, na hakujua, kwa sababu hakukisoma. Aliyekisoma lazima angejiuliza mbona mwandishi anaeleza asidi kali namna hii bila kusema jihadhari. Syokau akanyamaza. Alijisemea, za mwizi ni arobaini, acha ajichome mwenyewe.

Lakini aliyechomeka ni mwingine.

Mukai, mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi anafundisha kemia katika shule moja mtaani Satellite. Alikuja Jamhuri Jumapili, akakataa chai, jambo lililomshtua Syokau kabla hata hajasikia habari. Msaidizi wao wa maabara, kijana aitwaye Kivuva, alikuwa ameipanga rafu upya akifuata kitabu. Kitabu kinakwenda kwa alfabeti, naye akaweka chupa kwa alfabeti. Asetoni ikakaa ubavuni mwa asidi ya nitriki. Siku ya siku chupa zikaanguka pamoja, vitu hivyo viwili vikakutana, moto ukaruka. Wanafunzi walikuwa nje. Kivuva aliungua mkono wote na shingo.

"Hiyo kitabu ilikuwa wazi mezani, Mwalimu," Mukai akasema. "Alikuwa anatiki kila chupa. Aliamini anafanya vizuri."

Syokau aliijua sentensi ya kwanza kabisa katika kurasa zake nyekundu. Ilisema: kitabu hiki kimepangwa kwa alfabeti, rafu ya kemikali usiipange hivyo kamwe. Alikuwa nayo, na alinyamaza ili mtu mwingine aumbuke. Aliona aibu. Kisha ikageuka ile hasira ya zamani, sasa imeota meno. Angempigia Gerishon simu? Gerishon angesema asante sana dada, angezitia kurasa nyekundu, angesifiwa kwa uangalifu wake. Amwibie na nusu ya pili, tena kwa kupewa! Hapana. Maonyo lazima yaingie kitabuni, na mwizi lazima ayalipie kwa jina lake.

Kumbe Gerishon naye alikuwa mbioni. Kitabu kilikuwa kimeisha madukani, akatafuta mchapaji wa bei nafuu wa chapa ya pili, akaelekezwa River Road, akapanda ngazi za nani? Za Aliasgar.

"Mwalimu, njoo," Aliasgar akasema kwenye simu. "Kuna daktari ameniletea kitabu. Mimi nusu yake nyingine iko hapa kwa kabati."

Syokau alifika akihema. Alieleza yote, mpaka shingo ya Kivuva. Aliasgar alisikiliza huku akijifuta wino vidoleni. Alikuwa mtu mgumu katika kazi yake, kama baba yake aliyemwachia mashine.

"Mimi sibadilishi kitabu ya mteja kwa siri," akasema. "Baba alinifundisha hivyo. Lakini prufu naweza kuweka chochote. Hiyo ni ya kusoma. Akisoma akikataa, natoa. Akitia sahihi, nachapa."

"Atasoma?"

"Nitamwambia asome. Kitabu ni yake, sivyo?"

Basi Syokau akakaa, akaandika dibaji mpya ya ukurasa mmoja. Aliiandika mara moja tu, hakufuta neno.

Gerishon alipokuja kuangalia prufu, Syokau alikuwa nyuma ya marobota ya karatasi, mkono mdomoni. Kurasa zote zilitandazwa mezani, nyeusi kwa nyekundu, na dibaji juu kabisa.

"Kuna mabadiliko, Daktari," Aliasgar akasema. "Dibaji mpya. Na maonyo. Soma kila ukurasa, tafadhali."

Simu ya Gerishon ikalia. Akaipokea, akaanza kumweleza mtu habari za ukumbi na maua, huku akipindua kurasa kwa kidole. "Hii nyekundu inapendeza," akasema. Aliasgar akarudia kwamba asome. Gerishon akampungia mkono kama anayefukuza nzi, akatia sahihi ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, bado anaongea habari za maua.

Nyuma ya marobota, Syokau alisikia utamu ambao hajausikia tangu siku aliyoolewa. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kuibiwa vizuri.

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa hoteli mjini. Walimu wakuu, wachapishaji, watu wa vyuo, suti kwa suti. Mafurushi yalifika kutoka River Road yakiwa bado yamefungwa. Syokau alikaa mstari wa mbele akiwa amevaa kitenge chake kizuri, na kando yake Kivuva, mkono umefungwa bendeji mpaka begani. Katika uzinduzi desturi ni mwandishi awasomee wageni dibaji. Gerishon akasimama, akafungua nakala mpya, akakohoa kidogo, akaanza kwa ile sauti yake ya mihadhara.

"Kitabu hiki ni tunda la miaka mingi ya kazi. Kazi hiyo si yangu. Ni ya Mwalimu Syokau Kitavi, aliyeniomba dibaji, nami nikachukua kitabu. Sikukisoma kabla ya kukiiba, ndiyo maana chapa ya kwanza haikuwa na—"

Hapo masikio yake yakausikia mdomo wake. Alimtazama Syokau, akatazama mlango, akatazama ukurasa kama unaoweza kubadilika. Mtu mmoja nyuma akafungua nakala yake, kisha wa pili, kisha karatasi zikasikika ukumbi mzima.

"Endelea, Daktari," Syokau akasema, bila kupandisha sauti. "Aya inayofuata inamhusu huyu kijana. Msomee akiwa hapa."

Kivuva aliinuka ili aonekane.