Muuza Mboga Asiyekula Mboga

Wateja walimwita Mama Mchicha, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kila kilichokuwa mezani pake kilikuwa na sifa zake: hiki kinaongeza damu, kile kinang'arisha macho. Ulimi wake ungeweza kumuuzia mtu hata mabua. Ila kinyozi hajinyoi. Yeye mwenyewe mchana alishushia mkate mkavu kwa chai ya rangi, na jioni vivyo hivyo. Mboga, alisema, ni za wateja.

Mafua yalipomwandama mwezi mzima, wifi yake, mjuzi wa kila jambo, alimletea chupa ya vidonge vya vitamini. Ameze kimoja kwa siku, maradhi atayasikia kwa jirani. Siku ya tatu Mama Mchicha hakuona tofauti, akaongeza viwe vitatu, kisha vinne. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemkumbusha? Na kwa kuwa humo chupani mlisemekana mna kila kitu, hata ule mkate akauona hauna kazi.

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja kununua spinachi. Mama Mchicha akaanza kuisifu, tumbo likamchafuka katikati ya sifa, akainama nyuma ya meza na kutapika. Muuguzi alimkalisha, akamuuliza amekula nini. Jibu likawa ile chupa.

"Na mboga je? Jana ulikula ipi kati ya hizi?"

Mama Mchicha aliitazama meza yake kama mgeni. "Dada, mimi naziuza tu."

Muuguzi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamweleza taratibu kwamba vidonge vina watu wake, kama wajawazito na waliopimwa wakaonekana wamepungukiwa. Havikuletwa kuchukua nafasi ya sahani, na vikizidi hudhuru. Akamchukua kwenda kumpima.

Wiki ile Mama Mchicha aliweka jiko dogo nyuma ya meza. Harufu ikafanya kazi ambayo ulimi haukuiweza: wateja waliuliza anaungaje, na spinachi ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Mafua yalirudi msimu wa baridi, maana mafua ni mafua, lakini hayakumaliza wiki.

Wifi alipokuja kudai shukrani za vidonge vyake, alikuta sufuria inachemka. Akavuta kigoda.

"Nionjeshe kidogo tu," alisema, akajipakulia mwenyewe mara mbili.