Wanajua Nakwenda Kutibiwa, Kumbe Nakwenda Kwenye Nyumba za Rangi

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Admin, naomba ufiche jina langu, huku Mchombe tunafahamiana wote. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mkulima wa mpunga, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnisamehe nikichanganya maneno. Mume wangu alifariki mwaka jana wakati wa mavuno. Moyo. Tangu siku hiyo mimi nipo tu. Silii, sicheki, nikila sijui nimekula nini. Watu wanasema mama huyu amejikaza. Sijajikaza, ni kwamba sisikii kitu.

Nina binti mmoja, anaishi Ulaya na mume wake. Mwezi wa pili alinipigia akasema, "Mama, nimekukatia tiketi. Unakuja kwetu, halafu tunakwenda wote kupumzika wiki mbili kisiwani, huko Karibiani." Nikamuuliza ndiyo wapi huko. Akanitumia picha. Nyumba zimepangana ukingoni mwa maji, moja ya njano, moja ya bluu, moja ya pinki, kama kanga zilizoanikwa. Bahari yake unaona mpaka mchanga wa chini.

Zile nyumba nilikuwa nazijua. Tulipooana tulipiga picha studio moja pale Ifakara, na nyuma yetu walitundika pazia lililochorwa nyumba kama hizo hizo. Picha ipo ukutani kwangu miaka yote. Marehemu alikuwa mtu wa utani, kila tukimaliza kuvuna ananiambia, "Mama, funga mizigo, mwaka huu tunahamia kwenye nyumba ya njano." Namjibu, "Ya njano ina joto, mimi nakaa ya bluu, utakuja kunisalimia." Binti amekua akiyasikia hayo, akatafuta mpaka akapata kisiwa kinachofanana. Hiyo ndiyo siku pekee tangu msiba nilipotaka kitu. Nilitaka nikae pale kivulini niangalie zile rangi, na mtu asinipe pole.

Sasa kosa langu. Niliporudi kutoka Morogoro kushughulikia pasipoti, mama mkwe akaniuliza nakwenda wapi. Huku kwetu mtu akisafiri mbali hivyo, anakwenda kutibiwa au kuzika. Mjane, mwaka haujaisha, mpunga unachanua, aseme anakwenda kukaa tu ufukweni? Nikasema, "Mama, mtoto anataka nikaangaliwe moyo." Nadhani lilinitoka hilo kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Nilijua yataishia pale jikoni.

Jumapili likatangazwa kwenye jumuiya. Kinamama wakaja na mchele, mayai, na kuku wawili. Wakaniombea. Jirani yangu akasema, "Moyo gani huo unaotaka kupanda ndege? Wa kwangu ukiuma naupa maji ya moto unanyamaza." Wakacheka, na mimi nikatoa meno. Halafu mwenyekiti akasema nisihangaike na shamba, wameshagawana siku. Kila siku mama mmoja ataamka alfajiri akakae shambani kwangu kuamia ndege wasile mpunga, mpaka jioni. Anayeijua kazi hiyo anajua, unapiga debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka, na jua lote ni lako. Nao wana mashamba yao. Nilitakiwa niseme pale pale. Badala yake nikasema asanteni.

Lakini anayenimaliza ni mama mkwe. Kila asubuhi anakuja na uji, anatembea pole pole na fimbo yake. Nikishika ndoo ananifokea, "Weka chini, unataka kunifia kama mwenzio?" Jana alipanda kwenye kigoda akaitoa ile picha ukutani, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akaisukumia kwenye begi langu katikati ya nguo. Akasema, "Nenda na mwenzako. Kwenye hospitali za watu usilale peke yako."

Nikaiangalia. Marehemu yupo, mimi nipo, na nyuma yetu zile nyumba za rangi. Yeye anamwona mwanawe tu. Hajui kwamba amenifungashia mahali ninapokwenda.

Nasafiri Alhamisi. Nikinyamaza, kila siku nitakayokaa kwenye ule mchanga kuna mama wa watu anapigwa jua kwa ugonjwa ambao sina. Nikisema, huyu mzee aliyezika mtoto wake atajua nimemtisha na moyo bure. Na nikiacha kwenda, ndugu zangu, naogopa, maana hakuna kingine ninachokitaka.

Mlio na wakwe, mlio na akili kunishinda, nisaidieni. Kesho asubuhi akiingia na uji wake, nianze na neno gani?