Pini ya Namba Kumi na Nne

Verna Tackett amefua jezi za timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu, huku milimani Kentucky, kwa miaka ishirini na sita. Mimi nakunja taulo pembeni yake. Zamani alikuwa na ulimi mkali kama pilipili. Kila mchezaji ana kamba yenye namba yake: anatunga humo soksi na bukta, anaifunga kwa kubana pini kubwa, kisha furushi zima linatumbukizwa mashineni. Asiyebana, soksi zake hutawanyika, na Verna alikuwa akimrukia.

Msimu ule mkosaji alikuwa Wendell Combs, namba kumi na nne.

"We Wendell! Mama yako alikuzaa bila vidole?"

"Samahani, Bi Verna. Kesho nitabana."

"Kesho yako haifiki! Hebu toka hapa."

Alicheka tu, na kesho yake pini ilikuwa wazi tena. Verna akambania, huku akinung'unika.

Msimu ulipoisha, chuo kilipunguza nafasi moja ya ufadhili wa masomo kwa wachezaji ili kipate mshahara wa kocha msaidizi. Ufadhili wetu ni wa mwaka kwa mwaka, na kocha Rusk ndiye husema nani abaki. Alibakiwa na vijana wawili ambao uwanjani hawakupishana hata chembe. Akaja chumba cha kufulia na orodha yake.

"Verna, wewe unawajua hawa. Yupi hategemeki?"

"Kumi na nne. Mtoto anayeshindwa kubana pini, utampa mpira dakika ya mwisho?"

Kocha akacheka, akakata jina. Mimi pia nilicheka, na naona haya kulisema. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Wendell alirudi kwao akaingia mgodini kuchimba makaa. Mwezi wake wa tano huko, mwamba wa juu ulimporomokea, akafa.

Tangu hapo Verna hakumfokea mtu. Kamba ya kumi na nne aliifua tupu kila siku ya mazoezi. Mashine ikisimama, aliniuliza kama nimesikia mtu akisema samahani. Nilimwambia ni maji kwenye bomba. Nilidanganya, nilisikia.

Siku ya mechi ya kwanza ya msimu mpya aliniambia, "Mama yake Wendell anakuja. Leo namwambia kila kitu, hata akinitemea mate."

Oleta Combs aliingia na keki ya tufaha, akaiweka juu ya mashine. Akaiona kamba.

"Ndiyo hii? Alinisimulia. Novemba ile alivunjika kidole gumba, akakificha, akiogopa kocha atamtoa orodhani. Aliniambia, 'Mama, pini tu ndiyo inanishinda. Lakini Bi Verna ananibania, na hajanisema kwa mtu.'"

Verna alikaa chini, juu ya kapu la taulo.

"Nilimsema," alisema. "Sikujua habari ya kidole. Kocha aliniuliza amwache nani, nikamtaja yeye, kwa ajili ya pini."

Oleta alichukua kamba, akajaribu kuibana. Pini ikamshinda. Akamnyooshea Verna kamba.

"Nibanie."

Verna akabana. Oleta akaitia kamba mkobani, akaondoka bila kuaga.

Siku hizi mashine ikisimama hatusikii kitu, na Verna bado anasikiliza.