Ganda la Moto Mkononi

Mkono wangu wa kulia umejenga nyumba mbili, moja Tabata na nyingine Boko. Shule niliishia darasa la nne, nikaja Temeke kubeba saruji mgongoni. Leo malori yanayobeba saruji ile ni yangu. Wanaonijua watasema huyu naye kaanza, lakini ukweli haufichwi ili wavivu wafurahi.

Bastola niliinunua kihalali, kwa leseni, duka langu la vifaa vya ujenzi lilipokuwa kubwa. Wafanyabiashara wenzangu wanajua, mtu mwenye kitu kiunoni hata salamu yake huitikiwa kivingine. Sasa leseni ilikuwa inakaribia kwisha, na nilitaka mwalimu wa shabaha aniandikie kwamba silaha naimudu, niende nayo polisi kifua mbele. Nilijua bila neno lake ningeweza kuikosa.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama mmoja mstaafu wa jeshi, mfupi, kofia ya jua na raba. Uwanja wake uko huko mbele ya Boko, ndani ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ukuta wa mawe nyuma ya shabaha. Asubuhi hiyo tulikuwa wawili tu, mie na jamaa mmoja muuza spea za magari tuliyezoea kutaniana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo mkono mmoja. Siku utakayoihitaji hiyo silaha, mkono wa pili utakuwa umeshika geti, au umeshika mtoto."

"Mwalimu, mie nilikuwaga nainua mfuko wa saruji kwa mkono mmoja. Hii kwangu kijiko."

"Basi kula tukuone," jamaa akadakia.

Nikasimama kama nilivyoelekezwa, mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto nimeukunja ngumi kifuani. Nikalenga. Bastola ikalia kabla sijawa tayari, vumbi likaruka kwenye mawe, mbali kabisa na karatasi. Mara ya pili nikabonyeza, nikangoja, kimya. Nilidhani nimebonyeza. Nikakaza zaidi, ikalia, mawe tena.

"Tajiri, unawinda kokoto?"

"Risasi za siku hizi feki."

"Feki, lakini mawe yanalia."

Siku zote nilikuwaga napiga kwa mikono miwili na napata. Sikujua kwamba mkono wa kushoto ndio uliokuwa unafanya kazi, huu wa kulia umebebwa tu. Nikaendelea. Nilikuwa natazama karatasi tu, sitaki kutazama kidole.

Bastola ikilia hutema ganda tupu la risasi, na ganda hilo hutoka la moto. Wiki iliyotangulia moja lilimwingia jamaa kwenye kola, akaweka silaha chini akacheza singeli bila muziki. Langu liligonga ubao uliotutenganisha, likarudi, likajibana kwenye mkanda wa saa, juu ya kiganja. Mie nikapiga tena. Na tena.

"We! We! Ganda hilo mkononi!"

Nikatazama. Kweli lilikuwepo, limetulia kama limewekwa na sonara.

"Huyu si mtu," jamaa akasema. "Huyu nondo!"

Nilipenda, siwezi kusema sikupenda. Nikamwambia mikono ya saruji haiungui. Jamaa akapiga makofi.

Mwalimu hakucheka. "Silaha chini." Akaja, akalitoa ganda, akaigeuza ngozi kwenye mwanga. Lilikuwa limeacha alama nyekundu yenye malengelenge.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Fumba macho. Lete kiganja." Nikafumba. "Nimekuwekea nini?"

Nikafikiri. Tuko uwanja wa shabaha, ataweka nini?

"Risasi."

Nilipofumbua, kiganja kilikuwa kitupu. Akaniambia nifumbe tena, safari hii wa kushoto. Palepale nikajua ni kokoto, tena bado ina umande. Jamaa alikuwa anafuta bastola yake ambayo haikuwa na uchafu.

"Una sukari, baba?"

"Kidogo."

"Leo kila kitu chako kidogo," akasema. "Tangu lini mkono huu haujui ulichoshika?"

Tangu lini? Nilikumbuka sufuria ya uji niliyoiepua jikoni bila kitambaa, mama watoto akapiga kelele, watoto wakashangilia kwamba baba hana ngozi. Nami nikajisifu mbele yao. Nilikumbuka vifungo vya shati. Siku hizi mke wangu ndiye anayenifungia kila asubuhi, na mie nilikuwa nadhani ni mahaba yamerudi.

Watu hudhani mtu akigundua jambo kama hilo moyo humruka. Wangu haukuruka. Nilikuwa natazama ukuta wa mawe na kuwaza kwamba kokoto ya pale ni nzuri kuliko ninayouza.

"Kuandika siwezi," mwalimu akasema. "Nenda hospitali kwanza. Kidole kisichojua kimegusa nini, mie sikiachi na triga."

"Nifundishe wa kushoto."

"Ukitoka hospitali, njoo nitakufundisha. Lakini leo hairudi kiunoni. Tunaipeleka polisi wote wawili, ikatunzwe. Utakaa mbele kwenye gari yangu, kama bosi."

Mie nimebishana na mafundi, na madereva, na mabwana wa ushuru. Kwa mama huyu nikatoa risasi zote, akakagua, akaona tupu. Akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

Kwetu kitu hakitolewi kwa mkono wa kushoto, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri. Nikamnyooshea kwa wa kulia.

"Achia, baba."

"Nimeachia."

"Bado."

"Mwalimu, nimeachia."

Hakuvuta. Alisubiri tu, macho yake kwenye mkono wangu, mpaka na mie nikatazama. Vidole vilikuwa vimeikamata bastola vilevile, havijapata habari. Nikaleta mkono wa kushoto, nikavikunjua kimoja kimoja.