Ubao Mnene wa Mumbere

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, ziwani Kayanja, na malaria sikuwa nayo.

Mzungu mmoja wa mgodini Kilembe alikuwa anarudi kwao. Alikuwa na mbao mbili za kusimamia majini, zile zinazokwenda kwa tanga, na matanga mawili, kubwa na dogo. Akatuambia vijana wa shule: chagua ubao mmoja na tanga moja, zunguka nyavu za wavuvi, rudi umesimama. Ukiweza, ni vyako. Mdomo wangu hauna breki, nikasema nitaweza. Okello, mtoto wa sajini, akaapa mbele ya darasa kwamba nikianguka nitamfulia nguo mpaka tumalize shule.

Asubuhi yake nikawahi kufika. Ubao mmoja ulikuwa mwembamba, mwekundu, unang'aa kama gari la waziri. Wa pili mpana, mnene, mlango wa choo kabisa. Wewe ungechagua upi? Basi na mimi vilevile. Nikaushika mwembamba, pamoja na tanga kubwa.

"Bwambale, wacha hiyo."

Alikuwa kijana wa rika langu, shati linachuruzika maji. Kunijua jina si ajabu: kwetu Wakonzo mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale. Ita hivyo mjini Bwera, nusu ya soko inageuka.

"Wewe nani?"

"Mumbere." Yaani mzaliwa wa kwanza. Hao nao wamejaa tele. "Kamata ile munene, mudogo wangu. Kwanza ubao ikubebe, mbio itakuja. Na tanga kidogo. Ile kubwa, upepo ya mulima ikishuka, itakutupa."

Mdogo wake nani? Tuko rika moja!

"Ile ni mlango wa choo," nikamwambia.

"Mulango inaelea. Kunja magoti, vuta tanga polepole."

Nikacheka, nikatazama chini, kicheko kikakatika. Niamini: maji yalikuwa yanamtiririka, na mchanga chini yake mkavu. Kuinua macho, hakuna mtu.

Nikachukua mnene na tanga dogo. Utabishana na mtu wa namna hiyo?

"Afande Mlango!" Okello akapiga saluti. "Mbele, tembea! Sabuni iko tayari!"

Karibu na nyavu, upepo wa mlima ukashuka. Ubao ukayumba, nikakunja magoti kama nilivyoambiwa. Mkono wa baridi ukanishika kiunoni, ukaniweka sawa. Nikazunguka nyavu, nikarudi nimesimama wima, naimba wimbo wa shule kwa maneno yangu mwenyewe. Safari hii saluti ya Okello ilikuwa ya kweli.

Nyumbani nikamsimulia mama. Hakucheka.

"Wewe Bwambale, hujawahi kujiuliza Mumbere wetu iko wapi?"

Sikuwahi! Nilidhani alikufa mchanga, basi. Kumbe nilikuwa bado mgongoni mwa mama, yeye kijana mkubwa, alipofunga shuka pana kama tanga kwenye mtumbwi mwembamba, pale pale Kayanja. Upepo wa mlima ukashuka.

Ubao ni wangu mpaka leo, na sijaanguka hata mara moja. Jumapili mama anapakua sahani moja ya ziada, na Okello akija kula, mlafi yule, haigusi.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chukua ubao mpana na tanga dogo. Na aliyelowa akikutajia jina, usiwe mjinga kama mimi: muulize ni Mumbere wa nyumba gani, kabla hujatazama mchanga.