Simu Ilizima, Watoto Wangu Wakaja Kunizika

Admin, nakusalimia, wewe na wote wenye munasoma hapa, wamama, wababa na nyinyi vijana. Ficha jina langu tu. Majina ya watoto acha, kwa sababu kwetu Wakonzo wa Uganda mutoto anapewa jina kufuata vile alizaliwa, wa kwanza, wa pili. Kila nyumba iko na Baluku wake na Masika wake, hakuna mutu atanijua.

Nyumbani wote hawajambo. Baluku hajambo, ni mwanajeshi, iko kambini huko mbali kaskazini. Masika hajambo, anauza nguo Kasese mjini, na watoto wake hawajambo. Bwambale hajambo, analima mpunga Mubuku. Biira hajambo, aliolewa ng'ambo ya mpaka, Congo, na sasa iko na mimba. Wote nimewasikia kwa simu. Kwa nyumba yenyewe, hapa juu ya Bwera, tuko mimi na mbuzi.

Mimi ni mujane wa miaka sitini na moja. Zamani, mbele ya simu, habari ilikuwa inakuja na miguu. Mutoto akizaa, mutu anatumwa kuniita, nafunga nguo zangu naenda kuosha mutoto. Mutu akigonjwa, wanakuja kunichukua. Baluku akipata ruhusa, namuona tu amesimama hapo kwa migomba na begi yake. Ilikuwa shida, lakini nilikuwa naona watu.

Halafu simu zikawa bei rahisi, Masika akaniletea moja ndogo ya kubonyeza, yenye tochi. Akaniambia, "Mama, sasa hautakuwa peke yako tena." Sitadanganya, nilifurahi. Siku ya kwanza kusikia Baluku nilicheka mpaka nikakaa chini. Bei ya kahawa nikawa naijua mbele mununuzi hajafika, hawezi kunidanganya tena. Dawa wananitumia pesa kwa simu, nachukua hapo Mpondwe, mpakani. Hiyo simu imenisaidia sana.

Lakini pole pole wakaacha kuja. Biira alizaa mutoto wa kwanza, nikaambiwa kwa simu, na jina amekwisha kupewa. Krismasi wanapiga wote asubuhi, mmoja anafuata mwingine, kisha siku yote inabaki yangu. Siku moja Masika alimupa mutoto wake simu anisalimie. Nikasikia mutoto anauliza ni nani huyu. Masika akamwambia ni bibi. Mutoto akasema, "Bibi wa kwa simu?" Masika alicheka. Na mimi nikacheka, nifanye nini.

Sasa mwaka jana mvua kubwa iliangusha nguzo za umeme. Simu yangu ilikuwa kwa kijana mwenye kuchajisha watu simu sokoni. Mimi nikaendelea kuvuna kahawa, sikuwa na wasiwasi. Kumbe Masika anapiga, anapiga, hanipati. Akapigia mwanamke anayemujua hapo Mpondwe, akamuuliza habari ya mama Baluku. Yule akamwambia pole sana, mama Baluku amekufa, tunazika kesho. Na kweli mama Baluku alikuwa amekufa, lakini ni mwingine, wa upande wa mto. Masika hakuuliza ni mama Baluku gani. Mutu akiwa na kilio hawezi kuuliza. Akapigia ndugu zake wote, mama amekufa.

Kesho yake nilikuwa naanika kahawa nikasikia kilio kwa barabara. Gari imejaa. Masika amefunga kitenge kiunoni, Bwambale amebeba mikeka, kuna kuni, unga, sukari, hata sufuria za matanga. Baluku aliteremuka na yunifomu, akaniona, akakaa chini kwa udongo kama mutoto. Akasema, "Mama, nimemwambia afande umekufa." Biira alivuka mpaka akafika jioni, akanishika mikono, uso, kama mutu ananunua kuku. Bwambale ndiye alituchekesha, alisema bahati yangu jeneza lilikuwa halijamalizika, ningelala ndani kwa nguvu.

Ile chakula ya matanga yangu tuliikula wote. Nilipika sombe, majani ya muhogo, na makayabu, samaki ya chumvi, wakalala kwa mikeka, nyumba ikajaa miguu ya watu. Niwaambie ukweli, ndugu zangu, tangu baba yao afe sijakuwa na siku nzuri kama zile.

Wakaenda. Baluku akaninunulia simu nyingine na sola ya kuichaji, akaniambia, "Mama, usituue tena. Hii isizime." Na kweli haizimi. Na tangu hapo hakuna mutu amefika kwa huu mulango.

Jana Biira alinipigia kusema hata kwa uzazi huu nisihangaike kuvuka, wataniambia kwa simu. Nikasema sawa, mwanangu. Kisha nikabonyeza ile kitufe mpaka kioo ikawa nyeusi. Nikafunga simu kwa kitambaa, nikaweka ndani ya mutungi wa maharage. Hii naandika kwa simu ya mwenzangu wa kanisa, na vidole vyangu ni vizito, munisamehe.

Naogopa. Biira na mimba ile, akisikia tena nimekufa, roho yake itaruka. Baluku, afande hatamupa ruhusa mara ya pili kwa mama huyo huyo, na nikimujua atatoroka, watamufunga. Najua nafanya vibaya. Lakini nikiwasha, watasikia sauti yangu, watasema asante Mungu, na watakaa huko huko.

Nishaurini wazazi wenzangu, na nyinyi watoto wa watu: niwashe, ama niache? Nitawaambiaje nawataka wao, si sauti yao, bila kuwatisha? Leteni neno haraka, leo leo. Andikeni hapa chini, kwa namba yangu hamutanipata.